Tunatenganisha taka majumbani, gari linakuja kuzichanganya mbele ya macho yetu!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Mwezi wa tatu tuliitwa kwenye mkutano wa mtaa, hapahapa Dar. Tukaambiwa kila nyumba itenganishe taka: za kuoza ndoo yake, plastiki, chupa na makopo kiroba chake. Mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga mkono. Nikanunua ndoo mbili za mfuniko kwa hela yangu, nikawafundisha watoto, nikamfundisha dada wa kazi, nikavutana hadi na mama mkwe aliyeona najitafutia kazi. Maganda ya ndizi, machicha ya nazi, vichwa vya dagaa, wali uliochacha, vyote ndoo ya kijani. Miezi minne nyumba nzima tumeshika utaratibu.

Jumanne gari likaja, baada ya wiki tatu bila kuonekana (ada ya mwezi hawajawahi kuchelewa kuifuata hata siku moja). Nikatoka na ndoo mwenyewe. Kijana aliyekuwa juu ya gari akaipokea, akaimwaga palepale juu ya chupa za jirani, kiroba changu cha plastiki kikafuata, mwenzake akakanyaga kwa miguu ili vishindiliwe. Maji ya taka yakachuruzika mpaka kwenye kandambili zangu. Nikamuuliza, mwanangu, mbona mnachanganya? Akajibu bila ubaya: "Mama, gari ni moja, na huko dampo hakuna pa kuzitenga."

Kijana yule sina neno naye. Anashika uchafu wetu kwa mikono mitupu, hata glavu hajapewa. Hasira zangu ni kwa waliotuitisha mkutano huku wakijua gari ni moja.

Na mtu asiniambie taka ni taka. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani katika jiji hili ni za kuoza, yaani mabaki ya chakula na maganda. Ukiyaweka kwenye shimo au pipa lenye hewa, ukayageuzageuza, yanageuka mboji. Ukiyarundika dampo, yakafunikwa na plastiki na taka nyingine juu yake, hewa haifiki kule chini. Vinavyoozesha huko ni vijidudu visivyohitaji oksijeni, na vinachotoa ni gesi ya methani. Kwa miaka 20 ya mwanzo, methani inapasha joto dunia zaidi ya mara 80 kuliko kiasi kilekile cha hewa ukaa. Kwa hiyo machicha yangu ya Jumapili yakifika dampo la jiji la Pugu Kinyamwezi yamekandamizwa chini ya mlima ule wa taka, hayajaishia kunuka tu. Halafu mvua za vuli zikivurugika tunakaa kuulizana hali ya hewa imekuwaje!

Hilo la methani si siri kwa wakubwa. Dampo la zamani la Mtoni liliwahi kuwekewa mradi wa kuvuna gesi hiyohiyo, ukasajiliwa chini ya Itifaki ya Kyoto, ule mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi zinazopasha joto dunia. Na kule Mabwepande kuna kiwanda cha mboji cha Manispaa ya Kinondoni, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, kinachopokea taka za masokoni. Kumbe inawezekana! Mbona taka za masokoni zina pa kwenda, za jikoni kwangu hazina?

Gari lisipokuja, watu wanachoma. Jirani yangu wa nyuma anawasha moto kila magharibi, pampasi na chupa za plastiki humohumo. Masizi yanatua kwenye nguo nilizoanika, na mwanangu wa pili ana pumu. Nimeshamfuata mara mbili. Ananiambia, "Dada, nizilaze chumbani?" Nakosa jibu, kwa sababu na yeye ada analipa.

Wenzetu Kampala tuliwaona Agosti 2024, dampo la Kiteezi lilipoporomoka likafukia nyumba, wakafa watu zaidi ya 30. Mlima wa taka ukiachwa uzidi kupanda tu, mwisho wake ndio ule.

Ninachodai si kikubwa. Siku moja ya wiki, gari libebe taka za kuoza peke yake. Kama gari hakuna, kijana wa guta apewe kazi hiyo alipwe kutokana na ada zetu, na mtaa utenge eneo la kutengeneza mboji. Wauza miche wa barabarani wataigombania.

Jumamosi naenda ofisi ya mtaa na risiti zangu zote za miezi minne, na picha ya gari nimepiga. Majirani wanne wamekubali tuongozane. Nyie wa mitaa mingine, kwenu gari linatenganisha au ni hadithi hiihii? Kama kuna mtaa umefanikiwa, mtuandikie mlivyofanya ili nikaseme mbele yao.