Naomba ushauri: barua ya kila Ijumaa kutoka kwa mwalimu wa darasa la pili

Ndugu zangu mnaolea watoto huku Marekani, naombeni msaada. Dada yangu amehamia Ohio akitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na binti yake ameanza darasa la pili. Kila Ijumaa mwalimu hutuma barua ya wazazi, Kiingereza kitupu, nami ndiye ninayemsomea kwa simu.

Ya wiki hii imejaa: somo la maboga, siku ya picha, kikao cha mzazi na mwalimu, na Oktoba 31 gwaride la Halloween, ile sikukuu ya watu kujivika kama mizimu na wahusika wengine, kila mtoto aje na vazi lake. Chini kabisa kuna karatasi ya kusoma dakika 20 kila jioni, mzazi atie sahihi.

Hapo kwenye sahihi ndipo dada anapokwama. Kiswahili anakisoma vizuri sana. Je, walimu wenu hukubali dakika hizo zikiwa za Kiswahili? Naona ni haki, ila sitaki mtoto aonekane hajafanya kazi.

Halloween, sisi ni walokole, hatuitaki. Lakini kumtenga mtoto wenzake wakipita na mavazi yao kunaniuma. Ninyi mlifanyaje?

Kuhusu kikao, najua Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazibana shule zinazopokea fedha za serikali kuu zimpatie mzazi mkalimani bure. Ombi linapelekwa kwa mwalimu au ofisini? Tafadhali msiniambie mtoto atamtafsiria mama yake. Ana miaka 7, na anayezungumziwa ni yeye.