Duara linapotea nikisawazisha pH: bakteria wa utumbo wa nyuki wana kitu kweli, au ni asidi tu?

Sega_Kavu aliandika:

Wakuu, salaam. Niko kwenye tasnifu ya uzamili, mada ni uwezo wa bakteria wa utumbo wa nyuki kuzuia vimelea vya magonjwa. Nyuki ni vibarua wa Apis mellifera scutellata kutoka mizinga ya miombo, Sikonge.

Utaratibu ni huu: nyuki wanakusanywa kwa bomba la moshi, wanapozwa kwenye barafu, wanasafishwa kwa ethanoli ya asilimia 70, utumbo unavutwa kutoka nyuma na kusagwa kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.85. Napaka kwenye aga ya MRS (chakula cha kukuzia bakteria wa asidi laktiki), nyuzi 37, saa 48, ndani ya mtungi wa mshumaa. Zilizo Gram chanya na katalesi hasi (hazina kimeng'enya kinachovunja peroksidi) nazikuza kwenye MRS ya maji kwa saa 24, nazungusha kwenye sentrifuji, halafu mikrolita 100 za maji ya juu (yanayobaki juu seli zikishatulia chini) zinaingia kwenye vishimo vya mm 6 vya aga ya Mueller-Hinton iliyopakwa E. coli ATCC 25922 au S. aureus ATCC 25923 (0.5 McFarland, kipimo cha wingi wa bakteria kwa ukungu wa maji).

Maji ya juu yakiwa ghafi, pH kama 4, napata duara safi (eneo ambalo bakteria hawakuota) la mm 13 hadi 17 kwa vyote viwili. Nikipandisha pH hadi 6.5 kwa NaOH, hamna kitu, E. coli wamejaa mpaka ukingoni mwa kishimo. Msimamizi anapendekeza niandike "bakteriosini", yaani protini ndogo ambazo bakteria hutoa kuua bakteria wengine. Naruhusiwa? Na kama ni asidi tu, kazi yote imekwenda na maji?

Pipeti_Mia alijibu:

Kwa data hiyo usiandike bakteriosini. Ulichonacho mpaka sasa ni asidi, na sehemu ya asidi hiyo hata haikutengenezwa na bakteria wako.

Anza na MRS yenyewe. Kila lita ina gramu 5 za sodiamu asetati. Asidi asetiki ina pKa (pH ambayo nusu ya asidi iko nzima) ya 4.76, kwa hiyo pH ikishuka hadi 4.0, asilimia 85 ya ile asetati inageuka kuwa asidi nzima isiyo na chaji. Asidi laktiki (pKa 3.86) katika pH hiyohiyo ni asilimia 42 tu iliyo nzima. Asidi nzima ndiyo inayopenya utando wa bakteria. Ikifika ndani, kwenye pH iliyo karibu na 7, inaachia haidrojeni yake na seli inamaliza nguvu kuisukuma nje. Sasa ukipandisha pH hadi 6.5, asidi asetiki nzima inabaki chini ya asilimia 2, na laktiki ni robo ya asilimia moja. Ndiyo maana E. coli wako walijaa mpaka ukingoni.

Kwa hiyo kishimo cha kulinganishia kisiwe maji matupu. Chukua MRS ambayo haijapandwa kitu, mililita 100, weka mililita 0.83 ya asidi laktiki ya asilimia 90 (unapata kama milimoli 100 kwa lita), rekebisha pH iwe sawasawa na ya maji yako ya juu, chuja, weka kwenye kishimo. Kikitoa duara la mm 13 hadi 17, jibu unalo. Cha pili: MRS iliyoshushwa kwa HCl peke yake hadi pH hiyohiyo. Kinakuonyesha asetati ya kwenye chakula inachangia kiasi gani.

Halafu E. coli si kipimo kizuri cha bakteriosini. Ana utando wa nje, na bakteriosini nyingi za bakteria wa asidi laktiki haziupiti. Duara kwenye E. coli ambalo linapotea ukisawazisha pH karibu kila mara ni asidi. Weka mdudu anayezisikia: Micrococcus luteus kwa zile za jamii ya nisini, Latilactobacillus sakei kwa nyingine nyingi. Wachanganye kwenye aga laini ya asilimia 0.75, umwage juu ya sahani. Duara litasomeka vizuri kuliko kupaka kwa pamba.

Mpangilio wa hatua una maana kuliko watu wanavyodhani:

1. Toa seli kwanza (g 8,000 hadi 10,000, dakika 10, nyuzi 4), ndipo upandishe pH. Bakteriosini nyingi hushika kwenye ukuta wa seli pH ikiwa karibu na 6 na huachia pH ikiwa 2. Ukiweka NaOH seli zikiwa bado humo, unazizungusha zote na kumwaga ulichokuwa unakitafuta pamoja na mashapo.

2. Katalesi, mg 1 kwa ml, ya kuondoa peroksidi ambayo nayo inaweza kutoa duara, baada ya kusawazisha pH. Kwenye pH 4 kimeng'enya hicho hakifanyi kazi, halafu unahitimisha kwamba peroksidi haikuwepo.

3. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22 cha PES au selulosi asetati. Nailoni na nitroselulosi hunasa protini ndogo.

4. Ukishaweka kwenye vishimo, acha sahani kwenye friji saa 2 kabla ya inkubeta. Asidi husambaa haraka, peptidi hujikokota, na mdudu akianza kuota kabla haijasambaa hutaona chochote.

Kipimo cha protini chenye bei nafuu: dondosha mikrolita 5 za protinezi K (kimeng'enya kinachokata protini) pembeni mwa kishimo, kama mm 4 hivi. Kama kinachoua ni protini, duara linaliwa upande ule na kubaki kama mwezi mchanga. Picha hiyo itamridhisha mtahini kuliko jedwali la kurasa mbili.

Majana_Salama alijibu:

Pipeti_Mia amemaliza upande wa vishimo. Mimi narudi nyuma, kwenye sampuli, kwa sababu huenda bakteria unaowataka hata hawajafika kwenye sahani.

Moshi. Nyuki akinusa moshi anajaza kifuko cha asali. Kifuko kikishajaa asali unapunguza bakteria wake, na unaleta glukosi oksidezi na peroksidi ya asali yenyewe. Kwa aina zilizotengwa na kusafishwa si tatizo. Kwa mtu anayepima utumbo uliosagwa moja kwa moja ni balaa. Chukua nyuki walezi kutoka kwenye sega la majana kwa kuwakung'utia chomboni, jioni, na vazi kamili maana scutellata hana utani. Usichukue waliotoka kwenye seli leo: hao wana bakteria wachache mno, mkusanyiko kamili huchukua siku 4 hadi 6.

Kuvuta utumbo. Ukishika pingili ya mwisho ya tumbo kwa kibanio na kuvuta taratibu, kinachotoka ni puru, utumbo wa nyuma na utumbo wa kati. Puru utaitambua: imevimba, ya njano au kahawia kwa chavua. Kifuko cha asali hakitoki, utumbo hukatikia kwenye vali iliyo kati yake na utumbo wa kati. Wapo wanaoandika "bakteria wa kifuko" wakati hawajawahi kukigusa. Ukikitaka, pasua tumbo kwa juu, kibane karibu na kiuno, ukate pande mbili.

Tofauti hii si ndogo. Kwenye puru utapata Bifidobacterium, Bombilactobacillus na kundi la Lactobacillus melliventris. Ndiko walipo bakteria wengi zaidi, na nyuki mmoja mzima anabeba kati ya milioni 100 na bilioni moja. Kwenye kifuko, na kwenye mkate wa nyuki (chavua iliyochachushwa mzingani), bwana mkubwa ni Apilactobacillus kunkeei (kwenye vitabu vya kabla ya 2020 utamkuta kama Lactobacillus kunkeei). Snodgrassella na Gilliamella, bakteria wengine wa utumbo wa nyuki, usiwatarajie kwenye MRS hata kidogo. Snodgrassella anataka aga ya damu na CO2 ya asilimia 5.

Mtungi wa mshumaa. Mshumaa ukizimika, oksijeni bado ni nyingi. Ulichopata ni CO2 ya asilimia 3 hivi. Bifidobacterium na wenzake wa puru wanataka mtungi wenye pakiti ya gesi na L-sisteini ya asilimia 0.05 kwenye aga. Lakini kunkeei ukimfungia bila oksijeni kwenye MRS ya kawaida, yenye glukosi, atadumaa. Huyu hula fruktosi. Kwenye glukosi anahitaji oksijeni au kitu kingine cha kupokea elektroni. Fruktosi humfanyia kazi zote mbili: nyingine anaila, nyingine inapokea elektroni na kugeuka manitoli. Weka fruktosi ya asilimia 2 kwenye MRS, nyuzi 35, saa 48 hadi 72, ufanye seti mbili: moja bila oksijeni, moja yenye hewa. Hamira zikivamia, nistatini mg 50 kwa lita.

Na hapa tunarudi kwa asidi: kunkeei hutoa asetiki pamoja na laktiki. Ndiyo maana duara lake ghafi huwa kubwa, watu wakaruka kwa furaha.

Sega_Kavu aliandika:

Nashukuru sana wote. Swali moja: nikikausha maji ya juu kwa baridi na kuyarudisha yakiwa mazito mara 10, si nitaiona bakteriosini hata kama ni kidogo?

Pipeti_Mia alijibu:

Utaona duara, ila hutajua la nini. Unazidisha pia asetati, sitrati, laktati na chumvi yote uliyotengeneza kwa NaOH. MRS tupu iliyokolezwa mara 10 nayo inaweza kukutolea duara, kwa hiyo kama unaikausha ya bakteria, ikaushe na hiyo. Afadhali amonia salfati: ongeza taratibu hadi ushibaji wa asilimia 70, nyuzi 4, usiku kucha huku inakorogwa, zungusha g 10,000 kwa dakika 30. Angalia na juu, si chini tu. MRS ina Tween 80 (aina ya sabuni), na peptidi nyingi hupanda nayo kama utando unaoelea. Kusanya vyote, yeyusha kwenye bafa ya fosfati ya pH 6.5, ondoa chumvi kwa mfuko wa dayalisisi wa kDa 1 (kipimo cha ukubwa wa molekuli zinazopita). Mfuko wa kDa 12 ambao umejaa kwenye maabara nyingi utaivujisha bakteriosini yako sinki.

Usitarajie kila aina iwe nayo. Mfano uliothibitishwa ni kunkesini A, ya jamii ya nisini, kutoka A. kunkeei FF30-6 wa Japani (2020). Inampiga Melissococcus plutonius, anayesababisha uozo wa majana wa Kizungu, na wigo wake ni mwembamba. Ukimpima mzalishaji kama huyo kwa E. coli na S. aureus peke yao, utamtupa.

Mrina_Asali aliuliza:

Samahani kuingilia. Sisi wafugaji tunachukua nini hapa? Kuna mtu alikuwa anatushauri tuwape nyuki mtindi na sukari waimarike matumbo.

Majana_Salama alijibu:

Mtindi acha kabisa, ndugu. Nyuki hana kimeng'enya cha laktosi. Laktosi na galaktosi ni sumu kwake. Na bakteria wa maziwa hawakai kwenye utumbo wake, wanapita tu.

Kuhusu bakteria wa nyuki wenyewe, matokeo ya maabara na ya mzingani hayaendi sambamba. Uswidi mwaka 2010 walionyesha kwamba mchanganyiko wa bakteria wa kifuko ukiwekwa kwenye chakula cha majana yanayolelewa maabara, wanaokufa kwa Paenibacillus larvae (uozo wa Kimarekani) wanapungua. Hukohuko, 2019, walipowapa makundi yenye ugonjwa mizingani, ugonjwa haukubadilika. Kanada nao wamechapisha mwaka 2020 kwamba mkate wa chavua wenye lactobacilli tatu ulipunguza wingi wa P. larvae kwenye kundi lililougua. Mimi nasoma hivi: bakteria hawa huzuia seli hai, spora haiguswi. Spora hukaa kwenye sega miongo mitatu na zaidi, na jana la siku moja linahitaji spora kama 10 tu kuugua. Masega yenye ugonjwa yanachomwa, hakuna bakteria wa kuyaokoa.

Unachoweza kufanya leo: usivune chavua na asali yote, maana nyuki wachanga hupata bakteria kwa walezi, masega ya zamani na mkate wa nyuki. Na usiweke oksitetrasiklini (antibiotiki) "kwa kinga". Marekani wameitumia tangu miaka ya 1950, na bakteria wa utumbo wa nyuki wa huko wamejaa jeni za usugu wa tetrasiklini.

Sega_Kavu, hilo linakuhusu pia. Kabla hujapendekeza aina yoyote kama ya kulisha mzinga, pima usugu, hasa tetrasiklini, na uitambue kwa jeni ya 16S, inayotumika kutambua aina za bakteria (praima 27F/1492R). Vankomaisini (antibiotiki nyingine) ikikataa kufanya kazi kwa kunkeei usishtuke, ni ya asili kwa kundi hilo. P. larvae usimwagize wala kumwotesha bila kibali cha mamlaka ya mifugo. Ni ugonjwa wa kuripotiwa. Kwa hatua uliyopo Micrococcus na sakei wanatosha.

Sega_Kavu aliandika:

Sawa. Narudia na MRS ya fruktosi, seti mbili, kishimo cha laktiki na cha HCl. Kwenye kichwa cha habari naandika "shughuli ya kuzuia vijidudu inayotokana na asidi", protinezi ikinionyesha kingine nitabadilisha.

Pipeti_Mia alijibu:

Andika na pH ya kila maji ya juu kwenye jedwali, si wastani. Na mm za duara toa 6 za kishimo, au useme wazi hujatoa. Nusu ya tasnifu hazilingani kwa sababu ya hilo tu.