Nimepewa 1 na jiko langu ni safi: aliyewahi kukata rufaa kaunsili anisaidie

Kutoka: Bint Tanga

Assalaam aleikum, na habari za jioni ndugu zangu wote.

Wengi wenu mmeshapita mgahawani kwangu hapa London kunywa kahawa, mnapajua: meza chache, kaunta, na jiko la nyuma. Bwana afya wa kaunsili alikuja bila taarifa, kama ilivyo desturi yao, na leo barua imefika. Kwenye alama za usafi wa chakula, zinazoanzia 0 mpaka 5 iliyo bora, nimepewa 1. Jiko lile nalisugua mwenyewe mpaka nyuma ya friji! Kwenye barua kuna pointi za makosa, zikizidi ndiyo vibaya: usafi wa kushika chakula ni 5, jengo ni 5, halafu kipengele cha imani kwa uongozi ni 20. Jumla 30. Jirani yangu anayeuza kuku wa kukaanga amenionyesha barua yake, naye jumla yake ni 30, lakini dirishani kwake imebandikwa 3. Hapo sielewi kabisa.

Sababu ya hiyo 20 ni daftari. Kila siku naandika joto la friji, muda wa kupoza wali, dawa ya kufutia meza, kila kitu. Ila naandika kwa Kiswahili, kwa sababu shangazi ndiye anayefungua asubuhi na yeye lazima ayasome ninayoandika. Mkaguzi akasema hawezi kukagua asichoweza kukisoma, na SFBB, yaani kile kitabu cha kujaza utaratibu wa usalama wa chakula, hakuiona, basi akahesabu kama hatuna utaratibu wowote. Programu ya kupeleka chakula majumbani nayo imeshaniandikia kwamba wataniondoa kwao, alama hii ikitangazwa.

Swali langu ni hili moja. Nikiomba ukaguzi upya sasa hivi na kulipa ada yao, je, nitakuwa nimeitupa haki yangu ya rufaa? Siku 21 zinakatika. Simu ya kaunsili haipokelewi na barua pepe inajijibu yenyewe. Aliyepitia haya naomba aniambie.

Kutoka: Mpishi wa Zamani, Lewisham

Pole sana mwanangu. Nimefanya kazi za jikoni hapa London miaka mingi, na hiyo alama ya uongozi ndiyo inayowaua wenzetu, uchafu wala si tatizo lao.

Jumla peke yake haitoshi. Kila kipengele kina kikomo chake. Kupata 3, jumla iwe 25 au 30 na pasiwe na kipengele hata kimoja kinachozidi 10. Kupata 2, kisizidi 15. Wewe una 20 kwenye uongozi, basi hiyo 20 inakushusha moja kwa moja mpaka kwenye 1 hata kama sakafu inang'aa. Jirani yako bila shaka ana 10, 10 na 10. Kwa hiyo jiko lake ni chafu kuliko lako na stika yake ni nzuri kuliko yako. Inauma, lakini ndivyo hesabu ilivyo.

Pakua SFBB kwenye tovuti ya FSA, wakala wa serikali wa viwango vya chakula, ni bure. Jaza kurasa zote, halafu ile shajara isainiwe kila siku, na ule ukurasa wa mapitio ya kila wiki nne usiuruke, EHO, yaani huyo bwana afya, huanzia hapo. Chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 63, friji isipande juu ya 8, na mimi nakushauri uiweke kwenye 5. Wali upoe ndani ya dakika 90 na uingie kwenye friji. Ninyi mnaopika pilau sufuria kubwa na kuliacha juu ya jiko mpaka jioni, nawasema ninyi pia.

Kutoka: Mwana wa Kirinyaga

Pole dada. Wakati unangojea, hakikisha hiyo 1 umeibandika mlangoni, kwa sababu ni sheria na faini ipo. Binamu yangu alipigwa faini kwa kuficha stika.

Kutoka: Kaka wa Cardiff

Ndugu, binamu yako anaishi wapi? Hiyo ni sheria ya huku Wales, tangu 2013, na Ireland ya Kaskazini tangu 2016. Uingereza yenyewe (England), pamoja na London yenu, mwenye duka hubandika kwa hiari. Tafadhali tusimtishe dada kwa sheria ya nchi nyingine.

Halafu kwa Bint Tanga: maadamu rufaa iko mezani, alama haitangazwi mtandaoni. Panaandikwa tu kwamba inasubiri kutangazwa. Mimi sikukata rufaa, nilitumia haki ya kujibu. Unaandika maelezo yako, nayo yanakaa mtandaoni pamoja na alama yako. Wateja wangu waliyasoma.

Kutoka: Mwana wa Kirinyaga

Binamu yuko Newport, huko huko Wales. Sawa. Lakini mteja wa London naye ana macho. Asipoona stika atajua kuna kitu, na simu anayo mfukoni.

Kutoka: Mama Wawili, Barking

Mimi ndiye mteja mwenye simu, na naomba niseme kwa upande wetu. Mwanangu mdogo ana mzio wa karanga na ufuta. Siingii mgahawa wowote, wa kwetu au wa wageni, kabla ya kuangalia alama. Najua kuna sehemu za 2 zenye biriani tamu kuliko za 5, nimezila kabla sijapata watoto. Lakini alama ya uongozi ndiyo inayoniambia kama mtu wa jikoni anajua kijiko kilichogusa kashata kimeenda wapi baadaye. Mnaiona ni karatasi tu. Kwangu mimi ni usiku wa hospitali.

Na wauzaji wetu wengi bado hawaijui sheria ya Natasha, iliyoanza Oktoba 2021. Ukifunga kashata kwenye mfuko kabla mteja hajaagiza, ukaiweka pale kaunta, lazima iwe na jina, viungo vyote, na vile vya mzio viandikwe kwa namna inayoonekana wazi. Vya mzio ni 14, karanga na ufuta vyote vimo. Binti yule alikufa mwaka 2016 kwa sababu ya ufuta uliokuwa ndani ya mkate bila kuandikwa. Wazazi wake walihangaika mpaka sheria ikabadilika. Kila mara naposoma lebo nawaombea dua.

Kutoka: Bint Tanga

Dada Mama Wawili, kashata zangu zina lebo, na karanga zimeandikwa kwa wino mzito. Mkaguzi alizisifu lebo hizo. Nashukuru kwa ushauri wote. Ila bado sijajua kuhusu rufaa na ukaguzi upya kwa pamoja.

Kutoka: Mpishi wa Zamani, Lewisham

Rufaa ni ya kupinga alichokiona siku ile. Ukishajaza SFBB leo, huwezi kuipeleka kwenye rufaa kama ushahidi, kwa sababu siku ile haikuwepo. Ukaguzi upya ndio wa mabadiliko. Na alama ya ukaguzi upya inaweza kupanda, kubaki palepale au kushuka, kwa hiyo usiwaite kabla hujawa tayari.

Kutoka: Kaka wa Cardiff

Mzee shikamoo, lakini daftari lilikuwepo siku ile. Ndiyo hoja yake yote! Liliandikwa lugha ambayo mkaguzi haisomi. Hajasema hakuwa na rekodi.

Kutoka: Mpishi wa Zamani, Lewisham

Marahaba. Nimesoma alichoandika, kijana. Daftari la joto la friji halifanani na utaratibu ulioandikwa wa kuzuia hatari. Huo ndio anaoutafuta EHO: ukipika hivi, hatari ni hii, na unaizuia hivi. Nimewaona watu wenye madaftari matano ya joto na bado wakapata 20.

Kutoka: Mwanafunzi, UCL

Habari zenu. Samahani kuingilia. Mimi nina viza ya mwanafunzi na napenda kutengeneza mahamri na kahawa ya tangawizi niuze sokoni Jumamosi. Nikijiandikisha kaunsili siku 28 kabla ya kuanza, itatosha?

Kutoka: Mama Wawili, Barking

Mdogo wangu, usifanye hivyo kabisa. Viza yako inakupa saa 20 kwa wiki za kuajiriwa wakati wa masomo. Kujiajiri hairuhusu, hata mahamri kumi. Kujiandikisha kaunsili hakubadilishi hilo. Tafuta kazi kwenye mgahawa, uandikishwe kwenye mishahara, uwape share code yako, ile namba ya kuonyesha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi. Na tangu Oktoba 2024 bakshishi ni za wafanyakazi kwa sheria, mwajiri haruhusiwi kujikatia. Ile asilimia 12.5 wanayoongeza kwenye bili huku London, uliza inakwenda wapi kabla hujakubali kazi.

Kutoka: Muhaya wa Croydon

Nimewasoma kimya tangu juzi, lakini mkitaja kahawa siwezi kunyamaza. Naomba mnisamehe.

Kaunsili wanampa Bint Tanga 1, na kahawa yake ndiyo pekee katika mji huu inayonifanya nikae. Nimezunguka mikahawa ya London, ile ya matofali wazi na taa za kuning'inia, na maoni yangu ni kwamba wanaikaanga kahawa nusu. Inakuja chachu kama maji ya ukwaju. Kwa Bint Tanga buni inakaangwa ikaiva, inasagwa, inachemshwa na tangawizi, na unaipata kwenye kikombe kidogo bila sukari, kashata pembeni. Unakunywa taratibu na mwenzako yupo mbele yako. Huko kwingine kila mtu ana kompyuta yake na hakuna anayemsalimia mwenziwe.

Kwetu Bukoba kahawa ilitafunwa kabla ya kunywewa: zile punje zilizochemshwa na majani zikakaushwa, mgeni anakaribishwa nazo kabla ya neno lolote. Mama alikuwa na kikapu kidogo cha kazi hiyo tu. Na mji huu nao ulikuwa na adabu ya kahawa. Mkahawa wake wa kwanza ulifunguliwa 1652 kwenye kichochoro cha St Michael, Cornhill, na kibao kipo mpaka leo, kaoneni. Watu walikaa hapo wakazungumza habari za nchi mpaka mfalme Charles wa Pili akaogopa, akatangaza mwaka 1675 mikahawa yote ifungwe. Watu walikataa, na ndani ya siku chache akaifuta amri yake. Walipiga soga kuhusu serikali kama tunavyopiga sisi barazani.

Kutoka: Mwana wa Kirinyaga

Mzee, nakuheshimu, lakini ule uchachu ndio utamu wa kahawa ya Kenya. Ukiikaanga mpaka iwe nyeusi umeiua, unakunywa moshi. Angalia mifuko ya kahawa ghali hapa London: imeandikwa Nyeri, Kirinyaga, SL28, SL34. Hizo ni aina zilizochaguliwa Kenya, maabara ya Scott, miaka ya 1930. Babangu alilima SL28 maisha yake yote na hakuwahi kuinywa ikiwa imekaangwa vizuri, kwa sababu ile nzuri yote iliondoka na tuliachiwa iliyobaki. Mimi niliionja mara ya kwanza hapa, nikiwa mtu mzima. Nilikasirika sana siku hiyo.

Kutoka: Muhaya wa Croydon

Pole kwa mzee. Ila ukitaja SL28, taja na asili yake. Ule mti ulichaguliwa kutoka kahawa iliyoletwa kutoka Tanganyika, upande wa Monduli, kwa sababu ilivumilia ukame.

Kutoka: Mwana wa Kirinyaga

Sikukataa. Nilisema ilichaguliwa Kenya. Kuchagua nako ni kazi.

Kutoka: Mama Wawili, Barking

Jamani, kila kitu mnakifanya Kenya na Tanzania. Mwenzenu ana siku zinakwisha.

Kutoka: Muhaya wa Croydon

Una haki, dada. Lakini aliyosema kijana kuhusu babake tusiyapite haraka. Julai 1989 mgao wa kimataifa wa kahawa, uliopanga kila nchi iuze kiasi gani, ulivunjika, bei ikaanguka, na wakulima wa pande zote mbili za mpaka walianguka nayo. Kwetu watu waliuza kahawa ikiwa bado ua mtini, ile butura, ili mtoto aende shule. Wengine walivusha magunia usiku kwenda Uganda kwa sababu huko walilipwa pale pale. Serikali ikawaita walanguzi. Mimi nawaita wazazi. Leo nikilipa kikombe kimoja hapa mjini huwa nafikiria mkulima kapata nini humo, na sinywi kwa amani. Ndiyo sababu napenda kununua kwa mtu kama Bint Tanga, anayenunua kwa chama cha ushirika na anajua kilipo.

Kutoka: Bint Tanga

Ahsanteni kwa maneno mazuri, yamenipa moyo. Nimeshaanza kujaza SFBB na shangazi, yeye anasema na mimi naandika Kiingereza. Barua ya rufaa pia nimeiandika, naipeleka kesho kwa mkono pale mapokezi na nitaomba wanigongee muhuri wa tarehe kwenye nakala yangu. Mpwa wangu kule Tanga ameniuliza jambo na mimi sina uhakika: anakuja wiki ijayo, anaweza kunibebea kahawa iliyosagwa na samli?

Kutoka: Kaka wa Cardiff

Kahawa iliyokaangwa, ndiyo. Samli hapana, vitu vya maziwa na nyama kutoka kwetu haviruhusiwi hata kidogo, wataitupa pale uwanjani.

Kutoka: Mpishi wa Zamani, Lewisham

Na kahawa ije kwenye pakiti iliyofungwa na yenye lebo. Halafu weka risiti ya ilikonunuliwa ndani ya faili, EHO atauliza.