Mwalimu huyohuyo anayetoa adhabu ndiye awe mshauri wa watoto?

Wakuu, kila likiguswa suala la afya ya akili ya watoto, jibu la kwanza ni lilelile: shule iweke kipindi. Watoto wafumbe macho, wavute pumzi, kila mmoja aseme anavyojisikia. Nia njema, sibishi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, kwa hiyo shule haiwezi kujifanya haioni.

Ila Uingereza walishajaribu. Wanafunzi zaidi ya 8,000, shule 85, walimu wakanolewa kufundisha mazoezi ya kutuliza fikra. Majibu yakatoka 2022: waliofundishwa hawakuwa na nafuu yoyote kuwazidi wenzao waliobaki na ratiba ya kawaida. Wengi hata mazoezi ya nyumbani hawakuyagusa (nani alitegemea wayaguse?).

Jimboni Bihar, India, walipima kitu kingine: nani anaifanya kazi hiyo. Shughuli zilikuwa zilezile kwa makundi mawili ya shule, mojawapo sanduku ambalo mtoto anatumbukiza barua ya shida yake. Kundi moja la shule lilipewa washauri walioajiriwa kwa kazi hiyo tu, wala hawakuwa wanasaikolojia. Jingine likawatumia walimu wake. Kwa washauri, uonevu na dalili za sonona vilipungua. Kwa walimu, hakuna kilichobadilika.

Mimi sikushangaa. Nimefundisha. Siku moja nasahihisha madaftari, nikakuta kikaratasi kimekunjwa mara nne: "Mwalimu, naweza kuongea na wewe?" Kesho yake nilikuwa zamu, na huyohuyo akachelewa. Nikamwandika kwenye daftari la wachelewaji, nikampa adhabu kama wengine. Nilimsubiri hadi muhula ukaisha, hakuja.

Hoja yangu: pesa za vipindi zipelekwe kwa mtu mmoja asiyesahihisha mtihani wala kushika zamu. Karibuni.

*Mchangiaji wa kwanza:* Mkuu, umechagua majaribio yanayokubeba. Kuna utafiti wa nchi 10 za Ulaya uliochapishwa 2015, wanafunzi zaidi ya 11,000. Darasa zima lilipewa saa tano tu za mazungumzo na maigizo, na mwaka mmoja baadaye majaribio ya kujiua yalikuwa karibu nusu ya yale ya kundi lisilopewa. Hicho si kipindi?

*Mleta hoja:* Ni kipindi, nakubali, na hapo umenibana. Lakini waliokiendesha walitoka nje ya shule. Kundi jingine la utafiti huohuo lilifundisha walimu kuwatambua watoto walio hatarini, na tofauti ya maana haikuonekana.

*Mchangiaji wa pili:* Mnajadili kama mshauri anaokotwa. Shule yenye mwalimu mmoja kwa watoto sitini itampata wapi? Bora mwalimu mwenye mafunzo kidogo kuliko kiti kitupu chenye kibao mlangoni.

*Mchangiaji wa tatu:* Mimi ni mzazi, swali langu ni moja. Mwanangu akimwambia huyo mshauri kwamba hataki kuishi, naambiwa siku hiyohiyo au nafichwa?

*Mleta hoja:* Kwa hilo unaambiwa, siku hiyohiyo, na mtoto awe ameelezwa hivyo kabla hajafungua mdomo. Mengine yote abaki nayo mshauri. Najua wazazi wengi hapa hawatakubali hiyo sentensi ya mwisho.