Abiria akifanya fujo angani nje ya mipaka, nani amshtaki?

Wakuu, naona wengi mnasema mtu akifanya fujo kwenye ndege ya kimataifa arudishwe akashtakiwe kwao, pasipoti yake ndo iamue. Mimi nakataa kabisa. Ashtakiwe pale ndege ilipotua, basi.

Mkataba wa Tokyo wa 1963 uliipa mamlaka nchi iliyosajili ndege. Enzi hizo sawa, mashirika yalikuwa yanarusha ndege zao wenyewe zilizosajiliwa kwao. Siku hizi ndege kibao ni za kukodi, unakuta ndege imesajiliwa Ireland, shirika linaloirusha liko Asia, abiria katoka nchi ya tatu na ndege inatua ya nne, sasa huyo abiria kampiga mhudumu ngumi ya uso, rubani anayo ruhusa ya kumfunga na kumkabidhi kwa polisi wakitua, anamkabidhi vizuri tu, polisi wanaangalia sheria zao wanakuta hawana mamlaka ya kumfungulia kesi, wanamwachia. Anachukua begi lake anaondoka! Hii inaniuma sana jamani, yule mhudumu alikuwa kazini.

Itifaki ya Montreal ya 2014, yaani marekebisho ya huo Mkataba wa Tokyo, iliyoanza kutumika Januari 1, 2020, imeziongezea mamlaka nchi ndege inapotua na nchi ya shirika lenyewe. Shida inazibana tu nchi zilizoridhia, nyingine bado zinasuasua.

Ushahidi wote uko pale uwanjani siku ileile, mashahidi bado wapo, wakishatoka tu kila mtu na njia yake. Nani atapanda ndege tena miezi sita baadaye kwenda nchi ya mtu kutoa ushahidi?

Kuna aliyesema sio haki mtu kuhukumiwa kwa sheria za nchi ambayo hata hakuwa anaenda, ndege imegeuzwa tu njiani. Hapo ana hoja, nakubali, ila itifaki yenyewe inaitaka nchi ya kutua iangalie kama hilo jambo ni kosa pia kwenye nchi ya shirika, na kumpiga mtu ni kosa popote pale.

Na gharama za kugeuza ndege, yaani mafuta, ada za uwanja, hoteli za abiria wote, adaiwe aliyesababisha. Itifaki haizuii shirika kumdai, kwa hiyo wamdai kweli, waache kumalizana naye kimyakimya.

Mnaotaka arudishwe kwao, niambieni mashahidi mtawapata wapi?