Leipzig au Vienna kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi: wapi kuna unafuu?

Kijana_wa_Mazimbu
Wakuu, habari za wakati huu. Chuo kimenipitisha kwenda Ulaya kama mwanafunzi wa kubadilishana, muhula wa baridi. Mratibu kanipa nichague Leipzig (Ujerumani) au Vienna (Austria). Kote ada imesamehewa. Natakiwa kutoa jibu Ijumaa. Mnaozijua hizi nchi, wapi karatasi chache na wapi maisha nafuu? Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Karatasi
Mleta mada, umeuliza bei ya gunia bila kusema la mchele au la mkaa. Taja umri, nani anakulipia na kiasi gani kwa mwezi, unakaa miezi mingapi, na Kijerumani chako kimefika wapi.

Umri siuulizi kwa umbea. Austria hupanga kiwango cha fedha za kujikimu kwa umri. Kwa viwango vya 2025, ambaye hajatimiza miaka 24 alitakiwa kuonyesha euro 703 na senti kwa mwezi. Aliyetimiza 24, 1,273 na senti. Ujerumani haijali umri, ni 992 kwa kila mtu tangu Septemba 2024. Sasa wewe wa 22 na wewe wa 26 tutawapaje jibu moja?

Nyota_ya_Kisumu
Enda Vienna, usiulize mara mbili. Maji ya bomba yanatoka chemchemi za milimani, unakunywa bila kuchemsha. Muhula wa masomo unaisha mwisho wa Januari, wakati Leipzig wanafundisha hadi Februari ndipo mitihani ianze. Tena somo la mihadhara likiwa na mtihani mmoja mwishoni, sheria ya vyuo Austria inataka tarehe tatu za kuufanya. Ukishindwa ya kwanza, unarudi ya pili. Na pointi moja ya ECTS, vile vipimo vya masomo vya vyuo vya Ulaya, wanaihesabu kuwa saa 25 za kazi, Ujerumani mara nyingi ni 30. Pointi 30 za muhula ni saa 750 dhidi ya 900. Piga hesabu.

Fundi_Viza
Dada Nyota, saa hizo ni za makaratasi tu, hakuna anayekaa na saa ya mkononi kukupimia. Turudi kwenye viza maana ndiyo inayowaangusha wengi.

Kokote uendako, omba viza ya taifa, aina D. Usiombe Schengen, ile viza ya matembezi ya siku 90, kwa sababu foleni yake ni fupi. Ukishaingia Ujerumani na Schengen hawakubadilishii kuwa ya masomo, unarudi nyumbani kuanza upya. Austria viza D inatosha kwa anayekaa hadi miezi 6. Ukipitisha hapo unahitaji kibali cha ukaazi, na huo ni mzigo mwingine.

Ujerumani ina ubalozi Dar na Nairobi. Austria haina Dar, mambo ya Tanzania yako chini ya ubalozi wao wa Nairobi. Kwa Mkenya ni sawasawa, kwa mtu wa Morogoro ni nauli na siku za ziada, kwa hiyo uliza mapema utaratibu wa kuwasilisha fomu ukoje.

Kuhusu Sperrkonto, ile akaunti ya Ujerumani inayofungwa ukawa unatolewa fedha kwa mwezi: kosa kubwa ni kutuma kiasi kilekile kilichoandikwa. Mfano mtu anatakiwa aweke 5,952 za miezi 6, naye anatuma 5,952. Benki za katikati zinakata euro 20, 30, hata 40 njiani, inafika pungufu, barua ya uthibitisho haitoki. Anatuma tena euro 35, nazo zinakatwa. Wiki tatu zimeyeyuka. Mwambie karani wa benki gharama zote zikae upande wako mtumaji, halafu ongeza kama euro 100 juu. Zikizidi ni zako, hazipotei.

Kijana_wa_Mazimbu
Samahani wakuu, nilikurupuka. Nina miaka 25, nasoma shahada ya uzamili. Barua ya ufadhili inasema euro 850 kwa mwezi, miezi 5. Kijerumani ndiyo namalizia A1, ngazi ya kwanza. Masomo niliyopangiwa ni ya Kiingereza.

Mzee_wa_Karatasi
Umeona sasa? Hesabu imebadilika.

Leipzig: 992 toa 850, pengo 142. Mara 5 ni euro 710. Hizo ndizo utakazoziba kwa Sperrkonto, au mtu anayeishi Ujerumani akusainie hati ya udhamini kwenye ofisi ya wageni ya kwake. Barua ya ndugu iliyoandikwa nyumbani haitoshi.

Vienna kwa umri wako, nikitumia viwango hivyo vya 2025: 1,273.99 toa 850, pengo ni 423.99. Mara 5 ni karibu 2,120. Na kodi ya chumba ikizidi kama euro 376 kwa mwezi, ile ziada nayo inaongezwa kwenye kiasi cha kuonyesha. Vyumba vya chini ya hapo Vienna si vingi.

Bima ya afya ndipo Austria inapokupa unafuu kidogo. Ya wanafunzi kule ni euro 70 na kitu kwa mwezi, Ujerumani ya umma inazidi 140, na ukishatimiza 23 bila mtoto wanakuongezea kidogo. Angalizo: Ujerumani ukiomba msamaha wa bima ya umma ili uchukue ya binafsi ya bei rahisi, uamuzi huo haurudishwi nyuma muda wote wa masomo yako. Kwa miezi 5 si tatizo sana, ila kama unafikiria kuunganisha masomo hukohuko, usisaini kwa haraka.

Nyota_ya_Kisumu
Kwa hivyo mnampeleka Leipzig kwa sababu ya tofauti ya euro elfu na mia nne? Hizo fedha ni za kuonyesha, si za kutupa. Atazitumia mwenyewe.

Mzee_wa_Karatasi
Za kuonyesha lazima kwanza ziwepo, dada yangu.

Dada_Mratibu
Mnajadili fedha, mie naleta lingine linalorudisha watu mikono mitupu. Chuo sikitaji, nchi ni mojawapo ya hizo mbili.

Mwanafunzi mmoja wa Afrika Mashariki alikwenda muhula wa baridi akiwa na mkataba wa masomo wenye masomo matano. Alipofika, mawili yakawa ya muhula wa kiangazi tu, kwa sababu orodha aliyoichagulia ilikuwa ya mwaka mzima na hakusoma safu ya muhula. Akachukua mengine mawili badala yake, mwalimu akamwambia karibu. Ila hakuna aliyebadilisha mkataba, na chuo cha nyumbani hakikuwa na habari. Mabadiliko yanatakiwa yasainiwe na pande tatu: wewe, chuo cha nyumbani na chuo mwenyeji, ndani ya wiki chache baada ya masomo kuanza.

La pili ndilo lililomaliza kazi. Kule kujiandikisha kwenye somo ni jambo moja na kujiandikisha kwenye mtihani ni jambo lingine kabisa, mara nyingi kwenye mfumo tofauti wenye nywila yake. Dirisha la mtihani lilifunguliwa Desemba kwa wiki mbili likafungwa. Yeye alikuwa anaingia kila wiki kwenye ukurasa wa somo, anapakua mihadhara, anajiona yumo. Siku ya mtihani Februari msimamizi akapita na orodha, jina halimo. Kwa masomo matatu. La nne tarehe ya mtihani ilikuwa Machi mwanzoni, naye tiketi ya kurudi ilikuwa katikati ya Februari na viza ilikatwa kufuata tiketi.

Alirudi na pointi 5 kati ya 30. Nyumbani zile kozi zikaandikwa hazijakamilika, akasubiri mwaka mzima hadi zifundishwe tena.

Kwa hiyo mleta mada: kwa Ujerumani omba viza hadi tarehe 31 Machi, siku ambayo muhula wa baridi unaisha rasmi. Usikubali ikatwe pale mihadhara inapoishia. Na wiki ya kwanza tu muulize mratibu wa huko swali hili: mtihani wa somo hili unajiandikisha wapi na mwisho lini? Andika kwenye karatasi, bandika ukutani.

Kijana_wa_Mazimbu
Duh. Barua yangu inasema miezi 5, Oktoba hadi Februari. Inamaanisha mtihani wa Machi umenipita?

Dada_Mratibu
Uliza sasa, kabla ya kusaini. Wafadhili wengi wanakubali muda uongezwe bila fedha, lakini wanataka barua kabla, siyo baada. Ila pengo lako la Sperrkonto litakuwa la miezi 6 hapo, na ule mwezi wa sita hauna 850 ndani yake. Ni 710 jumlisha 992, yaani 1,702.

Nyota_ya_Kisumu
Ndiyo maana nasema Vienna! Hayo ya orodha hayamkuti kule.

Dada_Mratibu
Yanamkuta kwa mlango mwingine. Zile tarehe tatu ni za mihadhara, iliyoandikwa VO. Semina na mazoezi, SE na UE, hupimwa kwa mahudhurio na kazi za kila wiki. Ukikosa kipindi cha kwanza bila kutoa taarifa, nafasi yako anapewa aliyekuwa kwenye foleni. Anayechelewa viza kwa siku nne anapoteza semina zote.

Mpwani_Halisi
Nje ya mada kidogo, ila inahusu kuchelewa. Kwenye ratiba ukiona "10 c.t." darasa linaanza saa nne na robo asubuhi, siyo saa nne. Ukiona "s.t." ni saa kamili, usichelewe hata dakika moja. Halafu saa zao za mdomo: "halb drei" siyo saa tisa na nusu, ni saa nane na nusu, maana "drei" ni tatu yao, yaani saa tisa yetu, nao wanahesabu nusu ya kuielekea. Leipzig wanaenda mbali zaidi: "viertel drei" ni saa nane na robo, "dreiviertel drei" ni saa tisa kasorobo.

Fundi_Viza
Vienna nako "viertel drei" wanasema hivyohivyo. Mjerumani wa magharibi mwenyewe inamchanganya.

Mpwani_Halisi
Haya, basi hapo ngoma droo. Ila msamiati wa Vienna utampa kazi A1 wetu. Kiazi kitabu kinamfundisha Kartoffel, sokoni anakuta Erdäpfel. Nyanya ni Paradeiser, mfuko ni Sackerl, Januari ni Jänner.

Nyota_ya_Kisumu
Maneno manne ndiyo yamzuie mtu? Leipzig nao Kisaksoni chao kina utamu gani?

Simba_wa_Barafu
Mbona hakuna aliyetaja Uswisi? Zürich muhula unaanza katikati ya Septemba na mihadhara inaisha kabla ya Krismasi.

Mzee_wa_Karatasi
Mkuu, hajapewa Uswisi. Na kwa 850 Zürich atalipa chumba, abaki anatazama ziwa. Kazi nako asiye wa Ulaya anasubiri miezi 6 ndipo aruhusiwe saa 15 kwa wiki, naye anakaa mitano.

Simba_wa_Barafu
Nilikuwa nauliza tu.

Mzee_wa_Karatasi
Kwa kuwa kazi imetajwa: Ujerumani viza ya mwanafunzi humpa siku 140 nzima au 280 nusu kwa mwaka bila kuomba kibali kingine, tangu Machi 2024. Austria mwajiri lazima akuombee kibali kwanza. Leipzig inafundisha Kiswahili chuoni, Vienna pia, kwenye idara zao za masomo ya Afrika. Wanafunzi wao hutafuta watu wa kuzungumza nao. Bandika tangazo mlangoni, unabadilishana Kiswahili kwa Kijerumani saa moja moja. Haina fedha lakini hiyo A1 itasogea.

Mpwani_Halisi
Watakuuliza ngeli hadi uikimbie lugha ya mama yako.

Kijana_wa_Mazimbu
Hahaa. Na makazi je? Na nguo za baridi ninunue soko la Karume hapa Dar au huko?

Fundi_Viza
Chumba cha hosteli ya wanafunzi omba siku ileile unayopata barua ya kukubaliwa. Wenye hosteli hizo, Leipzig kuna shirika la Studentenwerk, Vienna kuna OeAD na mengine. Usitume dhamana kwa mtu anayesema yuko nje ya nchi na funguo atazituma kwa posta. Mkataba mwingi unaanza tarehe 1 Oktoba, lakini wiki ya utambulisho huwa kabla. Weka akiba ya malazi ya siku hizo.

Ukihamia, Ujerumani una siku 14 za kuandikisha anwani, na unahitaji fomu aliyosaini mwenye nyumba. Austria ni siku 3 tu. Beba fomu siku ya kupokea funguo, isainiwe palepale. Siku ya kuondoka ujifute kwenye daftari hilo la anwani, la sivyo bili ya redio na televisheni, 18.36 kwa mwezi Ujerumani, itaendelea kukuhesabu.

Nguo: koti zito nunua huko, mitumba ipo pia, na inafaa baridi yao. Toka nyumbani na sweta mbili na viatu visivyopitisha maji. Desemba Leipzig jua linazama saa kumi jioni, jiandae kisaikolojia.

Shangazi_wa_Unga
Mwanangu, unga wa mahindi unapita. Dagaa wakavu wanapita, samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20. Nyama kavu, maziwa na samli wanatupa pale uwanjani, hata kopo likiwa limefungwa. Embe hutaki kujaribu, linadai cheti cha afya ya mimea. Nazi, nanasi na ndizi hazidaiwi cheti.

Nyota_ya_Kisumu
Shangazi, kilo 20 za dagaa kwenye begi la kilo 23?

Shangazi_wa_Unga
Nimesema sheria, sijasema abebe zote.

Kijana_wa_Mazimbu
Wakuu nawashukuru. Nimemwandikia mratibu kuhusu Machi na barua ya ufadhili, kanijibu ofisi imesogeza tarehe hadi Jumatano, ila anasema Vienna nao wameuliza kama nitakwenda. Bado nagawanyika. Adapta ya pini tatu za kwetu ninunue ngapi?

Fundi_Viza
Moja, halafu beba ekstensheni ya nyumbani uichomeke hapo. Soketi za Leipzig na Vienna ni zilezile, kwa hiyo hiyo unaweza kununua hata leo.