Bibi alitaka akabadili khanga kwanza. Alikosea?

Mleta mada

Wakuu, kamwene. Kuna picha imezunguka sana kwenye simu za watu wa Iringa na Mbeya wiki hii. Kwa ambao haijawafikia: ni bibi mmoja mchuma chai wa Mufindi, picha ya nyeusi na nyeupe, uso umejaa kuanzia kilemba mpaka kidevu. Nyuma ukungu mtupu. Mkono umeinuka karibu na shavu, vidole vimeiva weusi wa utomvu wa chai. Mpigaji ameiita "Uvumilivu". Chini yake akasimulia mwenyewe kwamba alikutana na bibi anatoka shambani, akamwomba picha, bibi akakubali ila akasema ngoja nikabadili khanga. Yeye akamjibu, "Hapana bibi, hivi hivi umependeza," akabofya.

Sifa zimemiminika. Mimi nina studio ndogo Mwanjelwa, Mbeya, mwaka wa 19 huu, nakula kwa pasipoti, harusi na mahafali. Naomba niseme ninachokiona, mnirekebishe.

Haki yake nampa kwanza. Ukungu wa Mufindi mwezi wa sita ni mwanga ambao sisi wa studio tunautafuta kwa miavuli na vitambaa vyeupe: unamzunguka mtu, haumpigi usoni. Kijana ameuona na kuutumia. Fokasi imekaa kwenye jicho la karibu, kope unazihesabu, na ndani ya mboni kuna kile kinukta cheupe ambacho kikikosekana mtu anaonekana kama amelala macho wazi. Hapo sina neno.

Ila uso ni mweusi kupita bibi mwenyewe. Nitajuaje wakati sijamwona? Tazama mgongo wa mkono, tazama shingo chini ya kilemba: rangi ya ngozi yake iko pale, usoni haipo. Kamera ukiielekeza kwenye ukungu inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso ndio unaolipa. Hilo kosa kila mtu analifanya, unaongeza mwanga kidogo yanaisha. Huyu hakuongeza. Alipofika kwenye kompyuta ndiyo kwanza akakoleza, mikunjo ikawa mitaro. Na alisimama karibu mno na lenzi pana, pua imekuja mbele, masikio yamekimbilia kisogoni. Angerudi hatua tatu.

Wazee wa filamu mtanielewa. Zamani maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, wakaiita Shirley. Ndiyo maana kwenye picha za shule za enzi zile wengine tulitoka meno na macho tu. (Inasimuliwa kwamba Kodak, kampuni ya filamu za kamera, walishtuka zaidi pale watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao walipolalamika bidhaa zao hazitoki vizuri. Sisi je?) Leo bibi harusi namchubua kwa programu mpaka mama yake hamjui, maana wateja wanataka hivyo, nakiri. Bibi wa chai naye anapakwa mkaa. Sioni tofauti ya hizo kazi mbili.

Lakini kilichonileta hapa ni khanga. Mwenye uso alisema anavyotaka kuonekana, akakataliwa kwa sifa. Hiyo picha ni ya nani?

Mzee wa Kihesa

Mdogo wangu, umekaa studio mpaka umeanza kufanana na pazia lake. Picha za studio zetu tunazijua: koti la kuazima, maua ya plastiki, ukutani kimechorwa ziwa na boti wakati mtu anatoka Ilula kwenye nyanya. Kila mtu tajiri kwa dakika mbili. Huyo bibi angeenda kubadili, tungepata bibi wa kawaida amekakamaa. Chai ingetoweka, na utomvu angeunawa.

Kuna picha dunia nzima inaijua. Mwaka 1936, California, mpigapicha Mmarekani Dorothea Lange alimpiga mama mmoja kwenye kambi ya wachuma njegere, mkono shavuni, watoto wawili wamegeuza nyuso. Picha za kambi hiyo zilipotoka gazetini, serikali ya Marekani ilipeleka kambini ratili 20,000 za chakula. Angemwambia nenda kabadili gauni kwanza?

Mwalimu wa Tukuyu

Shikamoo mzee. Simulizi hiyo umeikatia katikati. Chakula kilipofika, yule mama na wanawe walikuwa wameshaondoka. Lange alikuja kuandika mwenyewe kwamba hakumuuliza jina. Jina, Florence Owens Thompson, lilijulikana 1978, miaka 42 baada ya picha, na mama akasema hakupata hata senti, afadhali asingepigwa. Tena kwenye kona kulikuwa na kidole gumba kimeshika nguzo ya hema. Mwaka 1939 Lange akakifutisha kwa sababu kilimkera. Kwa hiyo mpigaji ana ruhusa ya kusafisha kidole ndani ya "ukweli", mpigwaji hana ruhusa ya kubadili nguo?

Mzee wa Kihesa

Marahaba mwalimu. La jina nimekubali. La nguo bado.

Mdau wa Uhindini

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023. Na faragha ipo ibara ya 16 ya Katiba. Watu wapige picha wakijua hilo.

Mleta mada

Sawa mdau, lakini bibi alikubali kupigwa. Ugomvi wangu uko ndani ya hiyo ndiyo yake. Alikubali kitu kimoja akapewa kingine.

Binti Chai

Mama yangu amechuma chai tangu sijazaliwa. Naomba niwaambie kuhusu nguo ya chai. Ni sweta limetoboka viwiko, na juu yake nailoni ya kuzuia umande, maana asubuhi majani yanakulowanisha mpaka kiunoni. Akirudi anaivulia nje, haiingii ndani. Hiyo siyo "alivyo" mama yangu. Ni kama ovaroli ya fundi gereji. Mzee wangu wa Kihesa, shikamoo, wewe ukitoka kuoga nikikukuta na taulo nikasema hivi hivi umependeza, utakaa?

Halafu hilo jina "Uvumilivu". Alimuuliza? Huenda bibi siku hiyo alikuwa na njaa tu, au amechoka kusubiri apimiwe majani. Uso wa mtu aliyechoka ukiuita jina kubwa, unaacha kuuliza amechoshwa na nini.

Mzee wa Kihesa

Marahaba binti. La taulo umenishinda, nimecheka peke yangu kama mwehu. Ila nasimamia hili: vile vidole vinasema kitu ambacho khanga safi haisemi. Vipigwe vyote viwili basi.

Mpigaji

Ni mimi. Nilikuwa nasoma tu.

La mwanga nakubali, niliiangalia kwenye simu juani nikadhani iko sawa. La kukoleza sikubali sana, nyeusi na nyeupe bila nguvu inakuwa uji. La khanga sikulifikiria kabisa. Niliogopa ukungu utaondoka, ukweli ndio huo. Mufindi ukungu haumsubiri mtu.

Ila sikueleza yote. Nilipomaliza bibi hakuondoka. Alisema haya, sasa ngoja. Akaenda, akakaa kama nusu saa, akarudi na khanga nyekundu na viatu, akasimama mbele ya mlango wake mikono imenyooka. Nikapiga moja kwa adabu. Sikuirusha kwa sababu ni mbovu. Hii hapa.

Binti Chai

Jamani. Huyu ndiye bibi.

Mzee wa Kihesa

Amekakamaa, nilisema. Lakini ona alivyomwangalia kijana! Kwenye ile ya kwanza haangalii mtu.

Mleta mada

Mbovu kweli, tusidanganyane. Mlango umeinama, ndoo ya bluu inavuta jicho, na juu umebana mpaka kilemba kimegusa ukingo. Khanga imesomeka nusu: "Hasidi hana", lililobaki limeingia kwenye mkunjo. Mdogo wangu, ulikuwa na haraka ya kuondoka, inaonekana.

Bado ndiyo nitakayokuchapishia bure, saizi ya kutundika, Jumamosi napita Mafinga kwenye harusi nitakuachia stendi. Mpelekee, na umuulize jina. Kabla hujanitumia faili, ongeza mwanga usoni, mlango uunyooshe, ndoo iache. Na ukifika kwake mpige nyingine, safari hii maneno ya khanga yasikatwe.